Kibomba cha Mama Koku

Juzi pale Omurushaka, kijana mmoja anayetengeneza pikipiki alikiokota kibomba changu kwenye sanduku la spana, akakigeuzageuza, akaniuliza kama ni sindano ya kuchanjia ng'ombe. Mwenzake akasema hapana, hiyo ni pampu ya baiskeli ya mtoto. Wa tatu, ambaye simu haimtoki mkononi, akasema tumpe dakika moja aitafute. Niliwaacha wahangaike. Nimestaafu, sina haraka, na hakuna kitu kitamu kama kumwona fundi kijana akikiri kwamba kuna jambo halijui.

Halafu nikakaa juu ya tairi, nikawaeleza. Na kwa kuwa wengine hamkuwapo, nanyi nawaandikia.

Kitu chenyewe ni kidogo. Ni kipande cha bomba la shaba, kirefu kuliko kiganja kidogo tu, kimezibwa upande mmoja. Ndani yake unaingia mchi wa mti wa mbuni, uliokwanguliwa kwa kipande cha chupa mpaka ukakaa sawasawa. Kwenye ncha ya mchi pana kishimo kinachotosha punje ya mahindi, na juu yake kidogo umezungushwa uzi uliopakwa samli. Unaweka kishimoni kitu kikavu kinachoshika moto upesi, unaingiza mchi, unaupiga kwa kiganja mara moja, unauchomoa. Ukiwa fundi, kishimoni mna kaa jekundu. Usipokuwa fundi, unabaki na kiganja kinachouma.

Hakuna kiberiti, hakuna betri. Ni hewa tu, imebanwa ghafla mpaka ikapata moto. Na hiyo, vijana wangu, ndiyo siri yote ya injini ya dizeli. Nyinyi mmezoea pikipiki, ikigoma mnakimbilia plagi. Hizi mashine za kusaga nilizozitumikia mimi hazikuwa na plagi. Pistoni inabana hewa, hewa inapata moto, dizeli inanyunyiziwa humo, inawaka. Hewa ikivuja, hata uzungushe hendeli mpaka Krismasi, utapata jasho tu.

Aliyenifundisha hayo ni mjane mmoja wa Nkwenda aitwaye Kokushubira, sisi tukimwita Mama Koku. Mfupi, mnene kiasi, mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko msumeno. Mume wake ndiye aliyekuwa fundi na mwenye mashine. Alipofariki, shemeji zake watatu walikuja wakidai mashine ni mali ya ukoo. Mama Koku hakubishana nao. Aliwakaribisha ndizi, wakala, akawaambia atakayeiwasha aichukue. Wakazungusha hendeli kwa zamu tangu asubuhi mpaka mchana, wa mwisho hendeli ikamponyoka ikampiga kidevuni, wakaondoka wakisema mashine imerogwa. Kumbe mama wa watu alikuwa amelegeza nati mbili za nozeli, pale dizeli inaponyunyiziwa. Hewa yote ilikuwa inatokea pale, mashine isingewaka hata kama ingezungushwa na malaika. Walipokunja kona tu akazikaza, akaiwasha, akaendelea kusaga. Kisa hiki alikuwa akikisimulia kila mwaka, na kila mwaka kidevu cha shemeji kilizidi kuvimba.

Mimi nilimfikia nikiwa na umri wa miaka kama ishirini. Baba yangu alitoka Burundi, akawa kibarua wa kulima vibanja, yaani mashamba ya migomba ya watu, jioni analipwa mkungu wa ndizi au debe la maharage. Nami nilizaliwa ndani ya kazi hiyo. Jembe la baba lilikuwa limelika mpaka likabaki kama kijiko, na nililitazama nikijua kwamba akichoka yeye, zamu ni yangu. Siku moja nimepeleka mahindi kwa Mama Koku, mzungusha hendeli wake anaumwa malaria, nikamsaidia. Akanipa kazi ya kuzungusha na kubeba magunia. Spana akanikataza kuzigusa.

Nikamsihi anifundishe. Ndipo akafungua fundo la kitenge chake, akatoa kibomba hiki. Akasema nitakapoweza kuwasha moto kwa kibomba mara tatu mfululizo, siku ya gulio, mbele ya watu, atanipa spana na kunifundisha kila anachokijua. Muda ni mpaka mavuno ya kahawa yaishe. Nikishindwa, nirudi kwenye jembe, maana yeye hafugi mtu wa kubeba magunia tu mpaka azeeke.

Nilidhani ni kazi ya siku mbili.

Kosa la kwanza lilikuwa adabu. Nimelelewa kufanya mambo taratibu, basi nikawa nausukuma mchi polepole, kwa heshima, kama ninayemwamkia mkwe. Hakuna kitu. Mama Koku akaniuliza kama ninauomba moto au ninauwasha. Tunaambiwa kila siku haraka haraka haina baraka, lakini kwenye kibomba methali hiyo weka kando. Ukibana hewa polepole, joto linapotelea kwenye shaba. Lazima upige mara moja, kama unayeua mbu, na uchomoe papo hapo kabla kaa halijakosa hewa likafa. Wiki nzima nilipiga. Kiganja changu kilivimba nikawa nakula kwa mkono wa kushoto, na mama yangu akanigombeza kwa utovu wa adabu.

Kosa la pili lilikuwa samli. Mama Koku aliniambia uzi upakwe samli kidogo ili hewa isipite pembeni. Mimi nikafikiri kama kidogo ni kizuri, basi kingi ni kizuri zaidi. Nikapaka kama ninayeunga mboga ya mgeni. Samli ikashuka kishimoni ikalowesha kila kitu. Nikauweka mchi juu ya ukuta ukauke, mbwa wa jirani akapita, akanusa, akaondoka nao mdomoni. Nilimkimbiza kupitia vibanja vinne, katikati ya migomba, nikiwaamkia wazee shikamoo huku nakimbia. Nilimkuta ameulamba ukawa safi kabisa, alama za meno zipo mpaka leo. Tangu siku hiyo napaka samli ya kuenea ukucha mmoja tu, nanyi mpake hivyo hivyo.

Lakini kosa lililonifikisha pabaya ni la tatu. Kibomba kinahitaji kitu cha kushikia moto, na si kila kitu kinafaa. Mama Koku alikuwa na kopo dogo la majani ya chai lenye makaa meusi, mepesi, laini, kama nguo iliyochomwa bila kuungua. Alinipa ya kujifunzia mara chache, kisha akasema hayo yamebaki machache, nitafute yangu. Nikajaribu kuchoma khanga kuukuu ndani ya kopo. Ikawaka siku ya jua, ikagoma siku ya mvua. Nikajaribu majani makavu ya mgomba, pamba ya godoro, hata manyoya ya kuku, na hayo ya kuku yalifukuza wateja kwa harufu. Vuli ikaingia, kila kitu Nkwenda kikawa na unyevu. Kahawa ilikuwa inakaribia kwisha mashambani. Kila nilipomwona baba anarudi na jembe lake, nilihesabu siku zilizobaki.

Siku moja Mama Koku alinituma stoo nichukue mkanda wa mashine. Juu ya dari ya matete nikaona kifurushi cha karatasi. Nikakifunua. Ndani mlikuwa na orubugo, ile nguo ya magome ya mti ambayo wazee wetu walivaa zamani na kuzikiwa. Ulikuwa mpya, wa rangi ya udongo, mpana, umekunjwa vizuri. Nikainusa ile nguo, nikakumbuka harufu ya kopo la chai. Ndipo nilipojua makaa yake yalikotoka.

Nisiwafiche, vijana. Nilijua kwamba si yangu. Lakini nilijiambia nguo yote hii, kona moja nani ataijua? Nikatoa wembe, nikakata kipande kama kiganja, tena kwa haraka, kikakatika upande. Nikakunja, nikarudisha karatasi, nikampelekea mkanda wake.

Nikaichoma kona ile ndani ya kopo lililofungwa, mfuniko una tundu la msumari, mpaka moshi ukakoma kutoka. Kesho yake, na mvua inanyesha, nikapiga kibomba mara moja. Kaa jekundu, zuri, linapumua. Nilipiga kelele. Nikaenda mbio kumwonyesha, mjinga mimi, badala ya kunyamaza.

Mama Koku alilitazama lile kaa. Akalinusa. Akaniuliza nimepata wapi. Nikasema kwa bibi yangu. Akasema bibi yangu alizikwa Burundi kabla sijazaliwa, orubugo wake aliniachia kwa njia gani? Akaenda stoo, akarudi na kifurushi, akautandaza orubugo juu ya magunia mbele yangu, kona iliyopinda ikaonekana.

Hakufoka, na hilo ndilo lililoniogopesha. Akanieleza kwamba ile ya kwenye kopo ilikuwa ya mama mkwe wake, kuukuu, imechanika, akaitumia vipande vipande. Hii ni nyingine. Aliinunua kwa mzee wa mwisho aliyekuwa akigonga magome upande ule, akaiweka kwa siku yake ya kuzikwa. Kanisani wataimba, alisema, na yeye anataka waimbe, lakini mama yake alilazwa ndani ya orubugo na yeye atalazwa ndani ya orubugo.

Nilipiga magoti. Nikasema waitu, kwa heshima ya kwetu, Mama, nisamehe, nikawa tayari kufunga virago. Aliniacha pale chini muda mrefu, wateja wawili wakaja, akawapimia, wakaondoka.

Kisha akasema, "Umekata nguo yangu ya kaburini, Deo. Basi iwake."

Gulio lilikuwa Jumamosi. Aliniambia nitumie makaa ya kona ile ile, na nisipoteze hata punje. Nikishindwa nayo, nisimwonyeshe uso wangu tena.

Mnaweza kukisia nilivyolala wiki hiyo. Jumamosi yenyewe watu walijaa, maana Mama Koku alikuwa ametangaza kama mchezo wa mpira. Baba naye alikuja, akasimama nyuma na jembe begani, akitokea kulima. Nikapiga ya kwanza, ikawaka. Watu wakapiga makofi. Nikapiga ya pili, ikawaka. Nikaweka makaa, nikapiga ya tatu, nikachomoa. Kishimo cheusi tii.

Watu wakaguna. Nikamwona baba akihamisha jembe kutoka bega moja kwenda jingine. Mikono ilitaka kupiga tena upesi, lakini nikajizuia. Nikautazama mchi. Uzi ulikuwa umekauka na kulegea, nyuzi mbili zimesimama. Nikaufungua, nikauzungusha upya, nikaukaza kwa meno, nikapaka samli ya ukucha mmoja. Nikapiga. Kaa likawaka, nikalitia kwenye majani makavu, nikapuliza, moto ukapanda.

Mama Koku akasema kwa sauti kwamba nimeshindwa mara moja. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kwa nini haukuwaka. Nikamwambia uzi ulikauka, hewa ikapita pembeni. Akaingia ndani, akatoka na spana ya kumi na saba.

"Jibu hilo ndilo nililokuwa nalisubiri," akasema. "Sasa nenda ukaiulize mashine swali hilo hilo."

Baba akaondoka na jembe lake. Jioni nilimkuta amekaa mlangoni, jembe ameliweka ndani, ananitengenezea mpini wa nyundo.

Basi ndiyo hivyo nikawa fundi. Miaka mingi nilishika mashine ya Nyakatuntu, na nyingine nikiitwa huku na huku mpaka mpakani. Nawapa mfano mmoja tu. Kuna mashine iligoma, mafundi wawili wamekwisha badilisha nozeli na kusafisha pampu, mwenyewe amekata tamaa. Mimi sikufungua kitu. Nilishika flaiwili, lile gurudumu zito la pembeni, nikaizungusha polepole kwa mkono mpaka pistoni ipande, nikasikiliza. Ikiwa nzima, inakusukuma irudi, kama mtoto anayekataa kunyweshwa dawa. Ile ilipita laini, na ndani nikasikia pumzi, fyuuu. Ringi za pistoni zimekwisha. Nikacheka peke yangu, kwa kuwa ulikuwa ni ule ule uzi uliokauka. Siku hizi mna vipimo vya kila aina, na mashine nyingi zimewekewa mota ya umeme, unabonyeza kitufe inaanza. Silii juu ya hilo. Hendeli imenivunja kidole, sina hamu nayo. Lakini umeme ukikatika mchana wa gulio, na dizeli ya zamani imelala kwenye kona, mtanipigia simu. Na mnanipigia.

Nilipohamia Nyakatuntu, Mama Koku alinipa kibomba. Akasema kila nitakayemfundisha aanze nacho. Na kila mwaka, kahawa ikishauzwa, pikapu ya Nkwenda iliniletea kopo la majani ya chai, limejaa makaa meusi laini, pamoja na salamu. Siku ya baridi nilitumia kuwasha kitambaa cha kupasha mashine joto, lakini zaidi nilifundishia. Vijana wengi wamepiga kibomba hiki kwa makaa hayo. Mara moja nilimwambia asijisumbue, viberiti sasa vimejaa madukani. Akajibu dizeli haijui kiberiti. Sikumuuliza anapata wapi. Nilidhani ana matambara ya orubugo mahali fulani, watu wa zamani hawatupi kitu.

Alifariki akiwa mzee sana. Nilipanda pikipiki kutoka Nyakatuntu, nikafika Nkwenda mchana. Uwanja umejaa watu lakini moto wa msiba haujawashwa. Binti yake mkubwa, Anisia, akanishika mkono, akaniambia mama aliacha neno kwamba moto wake auwashe Deo, na si kwa kiberiti. Ila kwanza niingie ndani, wanawake wamekwama na jambo.

Nikaingia. Walikuwa wameutandaza orubugo, na haukutosha. Ulimfunika kutoka mabegani mpaka juu ya magoti, basi. Mama mmoja akasema ni panya. Mwingine akasema panya gani hukata kwa mkasi? Nikainama. Ukingo wa chini ulikuwa umekatwa vipande kama viganja, kimoja baada ya kingine, safu baada ya safu, vyote vimenyooka. Kwenye kona moja ya juu tu palikuwa na alama iliyopinda, ya wembe uliokwenda haraka.

Nilikaa chini pale pale, nikalia mbele ya wanawake, na sikuona haya. Kopo la kila mwaka lile. Yule mama alikuwa anakata sanda yake, anaichoma, ananitumia nifundishie watoto wa watu.

Nikamweleza Anisia yote, tangu stoo. Alinisikiliza, kisha akacheka machozi yakimtoka, akasema kumbe ndiyo maana mama alikataa kushonewa nyingine. Miguu tukaifunika kwa kitenge chake, kile chenye fundo. Kwaya ikaimba, kama alivyotaka.

Halafu nikatoka uwanjani. Nikatoa kopo la mwisho alilonitumia, nikaweka makaa kishimoni, nikapaka samli ya ukucha mmoja. Nilipiga mara moja, likawaka.

Kopo hilo nililitunza. Nimelipima kwa jicho: yamebaki makaa ya kuwasha mara tatu tu. Mimi sitayagusa tena. Nimelipeleka pale gereji ya Omurushaka, nikaliweka juu ya benchi pamoja na kibomba na samli kidogo, na nimemwambia yule wa sindano ya ng'ombe ajizoeze kwa makaa ya khanga, haya ya kopo ayaweke mpaka nitakapokuja Jumamosi, saa nne, watu wakiwa wengi. Kiganja chake kimeshaanza kuvimba, nimekiona.